Viputo vidogo, iodini au gadolini: kuchagua kipimo uvimbe unapoonekana kwenye ini

Mtu mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu ya kudumu), au aliyeishi miaka mingi na kirusi cha homa ya ini B, hushauriwa kupimwa ini kwa altrasaundi kila baada ya miezi sita, na wakati mwingine majibu hurudi yakisema kwamba kuna uvimbe wa sentimita moja au mbili ambao asili yake haijulikani. Altrasaundi ya kawaida huonyesha mahali uvimbe ulipo, ukubwa wake, na kama umejaa maji au nyama. Haionyeshi vya kutosha jinsi damu inavyoingia na kutoka ndani yake, na katika ini mwenendo huo wa damu ndio unaotenganisha saratani na uvimbe usiodhuru. Ili mwenendo huo uonekane, mgonjwa huchomwa mshipani dawa ya kontrasti, yaani inayofanya damu ionekane kwenye picha, kisha akapigwa picha, na njia zinazotumika ni tatu: altrasaundi yenye viputo vidogo vya gesi, CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) yenye iodini, na MRI (picha za sumaku) yenye madini ya gadolini.

Uchaguzi huu unawagusa watu wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao milioni 65 katika kanda yake ya Afrika walikuwa wakiishi na kirusi cha homa ya ini B, na katika Afrika Mashariki hatari ya saratani ya ini huongezwa na sumukuvu iliyomo katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ninachokiona baada ya kulinganisha njia hizi tatu ni kwamba hakuna iliyo bora kwa kila hali. Viputo hujibu vizuri zaidi swali la uvimbe huu mmoja ni nini, ilhali CT na MRI hujibu vizuri zaidi swali la kuna uvimbe mwingine wapi na ugonjwa umeenea kiasi gani. Mgonjwa anayepelekwa kwenye kipimo bila mtu kutaja ni lipi kati ya maswali hayo mawili linaloulizwa, mara nyingi hurudi kufanya kipimo cha pili.

Ni nini kinachoingia mshipani

Kiputo kimoja kina kipenyo cha mikromita 1 hadi 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na vingi viko karibu na 2 au 3, wakati chembe nyekundu ya damu ina takriban mikromita 7 au 8. Kwa sababu hiyo viputo hupita katika kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, za mapafu bila kukwama, hufika upande wa kushoto wa moyo, kisha husambaa katika viungo vyote. Utando wake ni wa fosfolipidi au albumini, na ndani yake mna gesi nzito ambayo haiyeyuki kwa urahisi katika damu. Uchaguzi wa gesi haukuwa jambo dogo. Mwaka 1968 Gramiak na Shah, waliokuwa Rochester katika jimbo la New York, walieleza jinsi mwangwi mkali ulivyotokea kwenye moyo wakati dawa ya rangi ilipodungwa, na ikaeleweka kwamba uliotoa mwangwi huo ni vipovu vya hewa. Hewa ya kawaida, hata hivyo, huyeyuka upesi mno ndani ya damu, na ilichukua miongo kadhaa kupata viputo vinavyodumu dakika kadhaa mwilini.

Vinavyotumika leo ni vichache. SonoVue, yenye gesi ya salfa heksafluoridi, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2001, na nchini Marekani inajulikana kwa jina la Lumason, ambako iliidhinishwa kwa moyo mwaka 2014 na kwa ini mwaka 2016, watoto wakiwemo. Definity na Optison hubeba gesi ya oktafluoropropani na hutumika zaidi kwa moyo. Sonazoid, yenye perfluorobutani, imetumika Japani tangu 2007, na ina tabia ya pekee ambayo nitaieleza baadaye.

Dozi ya kawaida ya SonoVue kwa ini ni mililita 2.4, ikisukumwa na maji ya chumvi, na gesi iliyomo katika dozi hiyo haifiki hata mikrolita 20. Iodini ya CT kwa mtu mzima ni takriban mililita 100. Tofauti hiyo kubwa inatokana na namna kila kitu kinavyofanya kazi: iodini huzuia miale ya eksirei kwa wingi wake, lakini kiputo hujibu sauti kwa kutetema. Altrasaundi ya uchunguzi hutumia masafa ya megahezi chache, na kiputo cha ukubwa huu hutetema kwa nguvu zaidi katika masafa yaleyale. Hupanuka na kusinyaa mara milioni kadhaa kwa sekunde, na kwa kuwa kupanuka kwake hakulingani sawasawa na kusinyaa kwake, mwangwi unaorudi huwa na masafa ya ziada ambayo nyama ya mwili haitoi kwa kiasi hicho. Mashine yenye programu ya kontrasti huyachuja masafa hayo, hufuta mwangwi wa nyama, na kubakisha damu peke yake kwenye skrini.

Sharti la kazi hiyo ni nguvu ndogo ya sauti, kwa kuwa mawimbi yenye nguvu kubwa hupasua viputo kabla havijaonekana. Mashine ya zamani isiyo na programu hiyo haiwezi kufanya kipimo hiki hata kama dawa ipo, na ni vema mgonjwa au ndugu yake aulize jambo hilo kabla ya kusafiri kwenda hospitali ya mbali.

Kinachobaki ndani ya mshipa na kinachovuja nje

Hapa ndipo tofauti kubwa kuliko zote ilipo, na anayeielewa ataelewa sababu ya majibu ya vipimo viwili kutofautiana juu ya uvimbe uleule. Molekuli za iodini na za gadolini ni ndogo mno. Dakika moja au mbili baada ya kudungwa huwa zimeanza kupenya kuta za kapilari na kuingia katika nafasi zilizo kati ya seli, kama maji yanavyopenya mtungi wa udongo. Kiputo hakipenyi. Ni kikubwa mno kuvuka ukuta wa mshipa, kwa hiyo popote kinapoonekana pana damu inayopita, na kinapotoweka ni kwa sababu damu yenye viputo imekwisha kupita.

Ini hupata damu kutoka pande mbili: robo hivi kutoka ateri ya ini, na sehemu kubwa iliyobaki kutoka vena ya lango inayoleta damu ya utumbo. Saratani inayoanzia kwenye seli za ini hutegemea ateri. Hivyo, kuanzia sekunde ya 10 hadi ya 45 baada ya kudungwa, uvimbe wa aina hiyo hung'aa kuliko ini linalouzunguka, na baadaye ini linapojaa damu ya vena ya lango, uvimbe hufifia. Katika saratani hii kufifia kwenyewe huwa kwa polepole na kwa kiasi, mara nyingi baada ya sekunde 60 kupita. Saratani iliyotoka kwenye kiungo kingine, kwa mfano utumbo mpana au titi, hufifia mapema, kabla ya sekunde 60, na hufifia sana hata ikabaki shimo jeusi. Hemangioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani na unaoonekana kwa watu wengi wasio na dalili yoyote, hung'aa kwanza kwa vinundu pembezoni kisha hujaa kuelekea katikati na kubaki ukiwa umeng'aa.

Saratani ya mifereji ya nyongo iliyo ndani ya ini ndiyo iliyoleta mgogoro. Uvimbe huu una nyuzi nyingi ngumu, na iodini au gadolini huvujia polepole katika nyuzi hizo, hivyo kwenye CT na MRI huonekana ukizidi kung'aa kadiri dakika zinavyopita. Viputo havivuji, kwa hiyo katika altrasaundi uvimbe uleule hung'aa kisha hufifia, na mtu asiyezingatia muda anaweza kuudhania kuwa saratani ya seli za ini. Mwaka 2010 watafiti wa Barcelona walichapisha tahadhari juu ya jambo hilo kwa wagonjwa wenye sirosisi, na mwongozo wa Marekani uliofuata haukuweka tena altrasaundi ya viputo miongoni mwa vipimo vya kuthibitisha saratani ya ini. Kwa kitambo kipimo hiki kilionekana kama kimeshindwa.

Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa wakati wake, lakini sababu yake imekwisha kushughulikiwa. Mfumo wa LI-RADS wa altrasaundi ya viputo, uliotolewa na chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani mwaka 2016 na kurekebishwa 2017, uliweka saa mkononi mwa mpimaji: uvimbe wa milimita 10 au zaidi unaong'aa wote au kwa sehemu, si ukingoni tu, na kufifia kidogo kuanzia sekunde ya 60, huhesabiwa kuwa saratani ya seli za ini. Ukififia kabla ya hapo, au ukififia sana ndani ya dakika mbili, au ukiwa umeng'aa ukingoni tu, huwekwa katika kundi la saratani ambayo huenda si ya seli za ini, na kwa kawaida huhitaji kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ili kipimwe maabara. Mwaka 2018 mwongozo wa Ulaya ulikirejesha kipimo hiki, ukikiweka kuwa cha pili baada ya CT na MRI. Kanuni hizo huwahusu tu wenye hatari inayojulikana, yaani wenye sirosisi au homa ya ini B ya muda mrefu. Zikitumiwa kwa mtu mwenye ini lenye afya, hupotosha.

Picha chache, au filamu ya dakika tano

CT ya ini hupiga picha katika nyakati maalumu: karibu na sekunde ya 35, tena karibu na ya 70, kisha baada ya dakika tatu hadi tano. Kama moyo wa mgonjwa unasukuma damu polepole, picha ya kwanza huweza kupigwa mapema au kuchelewa, na kung'aa kwa muda mfupi kukapita bila kuonekana. MRI ina udhaifu huohuo, na zaidi ya hapo humtaka mgonjwa abane pumzi kwa sekunde kadhaa, jambo gumu kwa mzee au kwa mwenye maji tumboni.

Altrasaundi ya viputo haina tatizo la kukosa wakati. Mpimaji huuangalia uvimbe mfululizo, picha kumi au zaidi kwa kila sekunde, tangu kiputo cha kwanza kinapoingia mpaka dakika ya tano, na akiwa na shaka anaweza kusubiri viputo viishe kisha akadunga tena siku hiyohiyo. Katika utafiti wa hospitali nyingi za Ujerumani uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa 1,349, kipimo hiki kilitambua aina ya uvimbe wa ini kwa usahihi wa asilimia 90.3.

Lakini filamu hiyo ni ya sehemu moja tu ya ini. Katika sekunde 30 za kwanza proba, kifaa kinachoshikwa juu ya ngozi, huwa imeelekezwa kwenye uvimbe mmoja, na kama kuna vinundu vingine vinne, kung'aa kwao hakutarekodiwa. CT huchukua ini lote, mapafu, tezi na mifupa kwa pamoja. Daktari wa upasuaji anayetaka kujua kama kipande cha ini kinaweza kuondolewa hawezi kutegemea viputo peke yake, na hapaswi kufanya hivyo. Isitoshe, CT husomwa na mtu asiyekuwapo wakati wa kupiga, hata akiwa mji mwingine. Altrasaundi hutegemea sana mkono na jicho la aliyeshika proba, na pale ambapo wenye mafunzo haya ni wachache, udhaifu huo huwa na uzito kuliko sifa zote nilizozitaja.

Mafuta mengi tumboni, gesi ya utumbo, ini lenye mafuta linalomeza sauti, na uvimbe uliojificha juu kabisa chini ya kiwambo cha pumzi, yote hayo huizuia altrasaundi. Kama uvimbe haukuonekana vizuri kwenye altrasaundi ya kawaida, viputo haviwezi kuuleta mbele ya macho. Hapo mtu aende moja kwa moja kwenye CT au MRI.

Sonazoid na ile tabia yake ya pekee inafaa kutajwa hapa. Baada ya dakika kumi hivi viputo vyake humezwa na seli za Kupffer, walinzi wa ini, na kwa kuwa saratani nyingi hazina seli hizo za kutosha, uvimbe huonekana kama pengo katika ini lote linalong'aa, na mpimaji hupata nafasi ya kulipitia ini kwa utulivu. MRI ina kitu kinachofanana na hicho, nacho ni gadolini ya aina ya gadoksetati, ambayo takriban nusu yake huingia kwenye seli za ini na kutoka kwa njia ya nyongo. Picha inayopigwa baada ya dakika 20 hivi hufichua vinundu vidogo ambavyo CT haivioni. Pale MRI hiyo inapopatikana na mgonjwa anaweza kuimudu, kwa kutafuta vinundu vidogo sana ningeichagua hiyo mbele ya nyingine zote.

Figo, mionzi na mzio

Gesi ya viputo hutoka kwa pumzi. Kwa SonoVue, sehemu kubwa ya gesi huwa imetoka ndani ya dakika mbili na karibu yote ndani ya dakika 15, na figo hazihusiki. Mgonjwa mwenye figo dhaifu, ambaye kwa kawaida huogopewa kupewa iodini, anaweza kupewa viputo bila kupimwa kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Iodini huhitaji hadhari pia kwa mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na kwa mwenye kisukari anayetumia metformini huku figo zake zikiwa zimeshuka sana. Kuhusu gadolini, mwaka 2006 iligundulika kuwa na uhusiano na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zimeshindwa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisimamisha matumizi ya baadhi ya aina zake ambazo gadolini haijashikwa imara ndani ya molekuli, baada ya kuonekana kwamba mabaki yake hukaa kwenye ubongo, ingawa madhara ya mabaki hayo hayajathibitishwa. Aina zinazotumika leo ni salama zaidi, na hofu ya zamani isimfanye mgonjwa akatae MRI anayoihitaji.

Mionzi ipo kwenye CT pekee. CT moja ya tumbo humpa mtu takriban milisiveti 10, na ya ini inayorudiwa katika awamu tatu huzidi hapo, wakati mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kwa mwaka ni wastani wa milisiveti 2.4 duniani. Kwa mtu wa miaka 70 anayetafutiwa saratani, kiasi hicho si kitu cha kumzuia. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye uvimbe ambao karibu kwa hakika ni hemangioma, ni sababu nzuri ya kuanza na viputo.

Mzio mkali wa viputo hutokea mara chache sana. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006, wenye vipimo vya tumbo zaidi ya 23,000, uliona matukio mawili tu makubwa. Hata hivyo uchache si sifuri. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2007 baada ya vifo vya wagonjwa wa moyo waliopewa viputo, ikalilegeza mwaka uliofuata ushahidi ulipoongezeka, na mwaka 2021 ikaongeza tahadhari kwa watu wenye mzio wa polietileni glaikoli, kiungo kilichomo katika Definity na Lumason na pia katika baadhi ya dawa za kusafisha utumbo. Mwenye mzio huo aseme kabla ya kudungwa, na kadhalika mwenye shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu. Chumba kinachodunga viputo bila dawa za dharura za mzio mezani si chumba cha kukubali.

Kuchagua kulingana na hali

Kwa uvimbe ulioonekana kwa bahati katika ini la mtu asiye na ugonjwa wa ini, na ukaonekana vizuri, ningeanza na viputo. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoshauri kuhusu vipimo na matibabu, ilifikia uamuzi wa aina hiyo mwaka 2012, ikipendekeza SonoVue kwa uvimbe wa ini uliogunduliwa kwa bahati pale altrasaundi ya kawaida isipotoa jibu. Faida yake ni kwamba mara nyingi jibu hupatikana kwenye kitanda kilekile na siku ileile. Miezi ya kusubiri huku mtu akiamini ana saratani ni mateso ya kweli, na kipimo cha dakika tano kinachoweza kuyaondoa kinastahili kuthaminiwa kuliko kinavyothaminiwa sasa.

Kwa mwenye sirosisi aliyeonekana na kinundu cha sentimita moja au zaidi, ningetanguliza CT au MRI, kwa kuwa hapo suala si jina la kinundu peke yake, bali pia vingine vilivyopo na hali ya vena ya lango. Viputo vije pale CT inapotoa jibu lisilo na uhakika, pale figo zinapokataza iodini, au pale mshipa wa vena una donge na haijulikani kama ni damu iliyoganda au ni saratani iliyoingia mshipani. Kwa swali hilo la mwisho viputo ni hodari: damu iliyoganda haing'ai kamwe, saratani hung'aa. Kinundu kilicho chini ya sentimita moja kwa kawaida hufuatiliwa kwa altrasaundi baada ya miezi michache badala ya kukimbiziwa kontrasti.

Kwa mwenye saratani ya kiungo kingine anayetafutiwa kama imefika kwenye ini, CT hutangulia.

Kuna maeneo nje ya ini ambako uchaguzi ni rahisi. Kifuko cha figo chenye kuta za ndani huchunguzwa vema na viputo, kwa sababu huonyesha damu hata katika ukuta mwembamba sana, na kwa sababu wengi wa wagonjwa hao ndio walewale ambao figo zao haziruhusu iodini. Kwa mtoto anayeshukiwa kuwa mkojo hurudi kutoka kibofu kwenda figo, viputo huingizwa kwenye kibofu kwa mrija badala ya mshipani, na mtoto huepuka mionzi ya eksirei. Eksirei bado ina nafasi pale njia ya mkojo ya mtoto wa kiume inapotakiwa kuonekana yote kwa undani. Kwa moyo, viputo hupendekezwa pale sehemu mbili au zaidi zinazopakana za ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, hazionekani, jambo la kawaida kwa watu wanene na wenye ugonjwa wa mapafu.

Viputo vinapofungua njia ya dawa

Kile kile kinachofanya kiputo kionekane, yaani kutetema, kinaweza kufungua mlango. Mishipa ya ubongo ina kizuizi kinachozuia dawa nyingi kupita, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayofanya saratani ya ubongo iwe ngumu kutibika. Mwaka 2001 Kullervo Hynynen na wenzake walionyesha kwa sungura kwamba viputo vikiwa ndani ya damu, na altrasaundi ikaelekezwa mahali pamoja, kizuizi hicho hufunguka kwa muda kisha hujifunga. Viputo vikitetema kwa utulivu, husukuma ukuta wa kapilari na kulegeza maungio ya seli zake. Nguvu ikizidi, viputo huporomoka kwa kishindo na mshipa huweza kutoa damu. Kazi yote ya kitabibu iko katika kubaki upande wa kwanza wa mpaka huo.

Njia mbili ndizo zilizofika mbali kwa binadamu. Ya kwanza ni kofia yenye vyanzo 1,024 vya sauti, ambayo mgonjwa huvalishwa akiwa ndani ya MRI. Vyanzo hivyo hurekebishwa kimoja kimoja ili fuvu lisipotoshe mawimbi. Hospitali ya Sunnybrook ya Toronto ilianza kuitumia kwa uvimbe wa ubongo mwaka 2015. Ya pili ni SonoCloud, kifaa kilichobuniwa Paris, ambacho hupandikizwa kwenye fuvu wakati wa upasuaji na kuwashwa kwa sindano inayopita kwenye ngozi, kwa dakika chache tu, viputo vikiwa vimedungwa. Katika utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 17 wa glioblastoma (saratani kali ya ubongo) iliyorudi, kiasi cha dawa ya saratani ya paklitakseli katika ubongo uliofunguliwa kiliongezeka takriban mara 3.7, na kizuizi kilianza kujifunga ndani ya saa ya kwanza.

Kofia haihitaji kupasua fuvu kwa ajili yake, na inaweza kulenga sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Ndiyo maana imetumika pia kwa ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu. Gharama yake ni muda mrefu ndani ya MRI kila mara dawa inapotolewa. SonoCloud hufungua eneo pana linalozunguka kovu la uvimbe ulioondolewa, na kuirudia kila wiki tatu pamoja na dawa ya saratani ni rahisi, lakini huhitaji upasuaji, na kifaa kilicho chini ya ngozi kinaweza kupata maambukizi. Kwa mgonjwa ambaye tayari anakwenda kupasuliwa kichwa, upasuaji huo si mzigo mpya, na hapo ningeona SonoCloud ikiwa na mantiki zaidi. Kwa asiyehitaji upasuaji, kofia.

Nje ya ubongo, ushahidi ni mwembamba. Huko Bergen, Norway, wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho walipewa dawa ya saratani ya gemsitabini pamoja na SonoVue na altrasaundi, na mwaka 2016 ikaripotiwa kwamba wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 17.6, ikilinganishwa na 8.9 kwa wagonjwa wa awali waliopewa dawa peke yake. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini watu 10 wakilinganishwa na kumbukumbu za nyuma hawatoshi kumbadilishia mtu matibabu.

Njia hizi zote bado ziko ndani ya majaribio. Jaribio la SONOBIRD, linalolinganisha dawa ya saratani ya karboplatini yenye SonoCloud na dawa za kawaida kwa glioblastoma iliyorudi, limepanga wagonjwa kwa bahati nasibu ili tofauti ya kweli ipimwe. Mgonjwa au familia inayoelezwa kwamba kuna kliniki inayotibu kwa viputo na iulize namba ya usajili wa jaribio, kamati ya maadili iliyoliidhinisha, jina la dawa inayoambatana na viputo, na nani atalipia matibabu ya madhara yakitokea. Na ikiwa jaribio liko nje ya nchi, iulize pia nani atakayemfuatilia mgonjwa akisharudi nyumbani, kwa sababu dozi hizi hurudiwa na kila moja huhitaji picha za kuhakikisha kwamba ubongo haukuvuja damu.